Hivi Father Krismasi yupo kweli? Sayansi ya swali ambalo wazazi hawapendi kuulizwa

Chukulia mtoto wa miaka saba anakusogelea na swali moja tu: "Hivi Father Krismasi yupo kweli?" Ukimwambia yupo, unajua unamdanganya. Ukimwambia hayupo, unajisikia kama umemnyang'anya kitu mkononi. Wengi tutatoka kwa ujanja wa kawaida: "Hebu maliza chakula chako kwanza."

Huku kwetu swali hili halijawa zito sana. Father Krismasi tunamwona Desemba kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi, kavaa koti zito jekundu katikati ya joto, anapiga picha na watoto, basi. Nguo ya sikukuu mtoto anajua vizuri nani kainunua na ilipatikana kwa shida gani. Lakini Marekani, Uingereza, Kanada au Australia, familia nyingi huitunza siri hii kwa miaka. Mtoto anaambiwa kwamba usiku wa kuamkia Krismasi mzee huyo anapita nyumba kwa nyumba kwa gari linaloruka, anaacha zawadi, anaondoka bila kuonekana. Sungura wa Pasaka naye anakuja na mayai ya chokoleti. Jino likitoka linawekwa chini ya mto, na usiku kiumbe mdogo mwenye mabawa analichukua na kuacha hela.

Wanasaikolojia wa makuzi ya watoto wamekuwa wakichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 40. Walichokiona kinatuhusu hata sisi tusio na mambo ya Father Krismasi nyumbani, kwa sababu swali la msingi si la mzee mwenye ndevu. Swali ni hili: mtoto anaamuaje nini cha kuamini? Na akija kugundua kwamba mtu aliyemwambia jambo hilo ni wewe, inakuwaje?

Watoto hawaamini ovyo

Tumezoea kusema mtoto mdogo anaamini chochote anachoambiwa. Siyo kweli. Mwaka 2020 Rohan Kapitány na wenzake walichapisha utafiti waliofanya na watoto wa Australia, wakawauliza kuhusu orodha ndefu: watu halisi, dinosaria, Father Krismasi, mchukua meno, mizimu, wahusika wa filamu na vitabu. Watoto hawakuwaweka wote kwenye kapu moja. Watu halisi na dinosaria walikuwa juu. Father Krismasi na mchukua meno walifuata, karibu kabisa na hao halisi. Mizimu na viumbe vya namna hiyo vikawa na mashaka zaidi, na wahusika wa filamu wakawa chini.

Kwa nini Father Krismasi awe juu kuliko mhusika wa katuni ambaye mtoto anamwona kila siku kwenye televisheni? Watafiti wanadhani jibu liko kwenye vitendo. Hakuna anayemwekea mhusika wa katuni maziwa na biskuti mezani usiku. Kwa Father Krismasi watu wanafanya mambo, tena watu wazima wenye akili zao. Wanaandika barua, wanatundika soksi, wanaacha karoti kwa ajili ya wanyama wake, na asubuhi karoti imeng'atwa.

Wala si wazazi peke yao. Shirika la posta la Kanada lina anwani rasmi ya Father Krismasi, yenye msimbo wa posta H0H 0H0, na barua za watoto zinajibiwa. Kamandi ya ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada, NORAD, kila mwaka inatangaza "inamfuatilia" angani kwenye rada. Desturi hiyo ilianza mwaka 1955 na kikosi kilichoitangulia. Sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya mtoto. Mama anasema yupo, mwalimu anasema yupo, posta inajibu barua zake, jeshi linamwona kwenye rada, na asubuhi zawadi ipo. Wewe mwenyewe ungekataa?

Jaribio la mchawi wa pipi

Jacqueline Woolley wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, pamoja na wenzake walitaka kulipima jambo hili vizuri. Tatizo la kumtumia Father Krismasi ni kwamba watoto wameshamsikia tangu wakiwa wachanga, kwa hiyo huwezi kujua nini hasa kimewafanya waamini. Basi wakabuni kiumbe kipya kabisa ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumsikia: Mchawi wa Pipi. Usishtuke na jina. Huyu alikuwa mchawi mzuri, na kazi yake ilikuwa moja: usiku wa Halloween, wakati watoto wa Marekani wamejaza mifuko ya pipi, yeye anakuja kuchukua pipi na kuacha mwanasesere au kitu kingine cha kuchezea.

Watoto wa chekechea waliambiwa habari zake shuleni. Halafu, kwa makubaliano na wazazi, baadhi yao "walitembelewa": usiku mzazi alitoa pipi na kuweka kitu cha kuchezea. Wengine hawakutembelewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004.

Ungetegemea watoto wadogo zaidi ndio waingie mkenge. Kumbe wapi. Kati ya waliotembelewa, wakubwa ndio walioamini kwa nguvu zaidi kuliko wadogo. Na kati ya wakubwa, waliotembelewa waliamini kuliko wasiotembelewa. Mwaka mmoja baadaye imani ile ilikuwa bado ina nguvu.

Tafsiri yake inabidi uitafakari. Wale wakubwa hawakuamini kwa sababu ni wajinga. Waliamini kwa sababu walikuwa wameanza kujua kutumia ushahidi. Pipi zilikuwepo, sasa hazipo, kuna kitu kipya cha kuchezea, na niliambiwa itakuwa hivi. Hoja haina kasoro. Kasoro iko kwenye ushahidi, na ushahidi umepangwa na watu wazima.

Kuna jambo lingine la kukumbuka. Vitu vingi tunavyovijua, mimi na wewe, hatujawahi kuviona kwa macho. Viini vya magonjwa, kwa mfano. Mwanasaikolojia Paul Harris wa Harvard na wenzake waliwauliza watoto kuhusu viumbe wasioonekana, wale wa kisayansi kama viini na wale wa aina ya Father Krismasi na mchukua meno. Watoto walikubali kwamba wote wapo, ila walikuwa na uhakika zaidi kuhusu viini. Moja ya maelezo yanayotolewa ni namna tunavyozungumza. Hakuna mzazi anayemwambia mtoto "mimi naamini viini vipo." Anamwambia tu "nawa mikono, ina viini." Lakini kwa Father Krismasi kila mtu anasisitiza kwamba yupo, na mtoto anahisi kwamba kitu kinachosisitizwa sana lazima kuna mtu anayekitilia shaka.

Kwa hiyo uwezo unaomfanya mtoto amwamini mzazi kuhusu mzee wa zawadi ndio huohuo unaomfanya amwamini kuhusu kunawa mikono, kuhusu Dunia kuwa duara, kuhusu dawa anayopaswa kunywa. Ni uwezo mmoja, na ndiyo maana kuuchezea siyo jambo dogo.

Maswali yanabadilika kabla imani haijabadilika

Imani hii ina umri wake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1978, asilimia 85 ya watoto wa miaka minne walisema Father Krismasi yupo. Kwa wenye miaka sita ilikuwa asilimia 65, na kwa wenye miaka minane asilimia 25 tu.

Nini kinatokea katikati? Andrew Shtulman na mwenzake, katika utafiti wa 2015, waliangalia maswali ambayo watoto wangependa kumuuliza Father Krismasi. Watoto ambao bado hawajaelewa vizuri nini kinawezekana na nini hakiwezekani duniani waliuliza maswali ya kutaka habari tu: unaishi wapi, una wanyama wangapi. Wale walioanza kuelewa waliuliza maswali ya "unawezaje": unawezaje kufika nyumba zote usiku mmoja, unawezaje kupita kwenye bomba la moshi, wanyama wako wanarukaje bila mabawa.

Hapo ndipo mzazi anapaswa kutega sikio. Mtoto anayeuliza "anaishi wapi" bado yumo ndani ya hadithi na anaifurahia. Mtoto anayeuliza "anawezaje" ameanza kuipima. Bado anaamini, lakini ameshatoa rula.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa msichana wa New York, Virginia O'Hanlon. Mwaka 1897, akiwa na miaka minane, rafiki zake walimwambia Father Krismasi hayupo. Akaandika barua kwa gazeti la The Sun kuuliza ukweli. Angalia alichokifanya: vyanzo viwili vinapingana, yeye akatafuta chanzo cha tatu kisicho na upande. Ni mbinu ya mtafiti hasa. Gazeti likamjibu kwamba yupo, na tahariri hiyo imechapishwa tena na tena tangu wakati huo kama jambo la kupendeza. Mimi ninapoisoma leo naona pia upande mwingine: mtoto alifanya kila kitu sawasawa, akapewa jibu lisilo la kweli na taasisi aliyoiamini kwa ukweli.

Je, wanaumia wakijua?

Hili ndilo wazazi wengi wanataka kujua, na majibu yana pande mbili.

Mwaka 1994 Anderson na Prentice walichapisha mahojiano na watoto 52 ambao walikuwa wameshaacha kuamini. Wengi walikuwa wamegundua wenyewe, kwenye umri wa miaka saba hivi, na hisia walizozieleza zilikuwa nzuri kwa sehemu kubwa. Walioelezea huzuni walikuwa wazazi! Mtoto anasherehekea kwamba kafumbua fumbo, mzazi analia kwamba utoto umeisha.

Utafiti mpya zaidi, ulioongozwa na Candice Mills wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, unatupunguzia haraka ya kushangilia. Walihoji watoto 48 wa miaka 6 hadi 15, na watu wazima 383 waliokumbuka yaliyowapata. Karibu theluthi moja ya watoto na karibu nusu ya watu wazima walisema walijisikia vibaya kwa kiasi fulani. Kwa wengi hali hiyo ilipita haraka, na wengine walisema walifurahi au hata walipata nafuu, kwa sababu mashaka yalikuwa yameshawachosha. Lakini wapo wachache ambao imani yao kwa wazazi iliguswa kwa muda mrefu.

Walioumia zaidi ni akina nani? Kwa wale watu wazima, mambo manne yalijitokeza: kugundua ukiwa umeshakua, kugundua ghafla, kuambiwa na mtu badala ya kufikiri mwenyewe, na kuwa na wazazi waliokazana sana kuitetea hadithi. Ukiyaweka pamoja unaona picha moja. Hadithi yenyewe siyo inayouma. Kinachouma ni mtoto ambaye mashaka yake yalizimwa mara kwa mara, mpaka siku darasa zima linamcheka.

Zawadi na fimbo

Mpaka hapa nimezungumzia hadithi ya kufurahisha. Lakini Father Krismasi ana kazi ya pili: anaangalia nani mtukutu na nani mtiifu. Mwaka 2005 huko Marekani kilitoka kitabu kinachouzwa pamoja na kisanamu, The Elf on the Shelf. Kisanamu kinawekwa kabatini, mtoto anaambiwa kila usiku kinaruka kwenda kutoa ripoti. Mzazi amepata askari wa bure.

Inafanya kazi? Kwa muda, ndiyo. Mwaka 2011 Jared Piazza, Jesse Bering na Gordon Ingram walichapisha jaribio ambalo watoto wa miaka 5 hadi 9 waliachwa wacheze mchezo ambao ni rahisi kuiba ushindi. Wengine waliachwa peke yao. Wengine walikuwa na mtu mzima chumbani. Wengine waliambiwa kwamba kwenye kiti kile kitupu amekaa Binti Mfalme Alice, haonekani. Watoto waliomsadiki Alice walijizuia kudanganya, karibu sawa na wale waliokuwa na mtu mzima.

Lakini hesabu haiishii hapo. Mwaka 2014 Chelsea Hays na Leslie Carver wa San Diego walifanya jaribio na watoto 186 wa miaka 3 hadi 7. Baadhi yao waliambiwa kuna bakuli kubwa la pipi chumba cha pili, halafu mtu mzima akakiri kwamba si kweli, alitaka tu waje kucheza. Baadaye kila mtoto aliachwa peke yake na kuambiwa asichungulie kitu fulani. Kwa watoto wa umri wa shule ambao hawakudanganywa, kama asilimia 60 walichungulia, na kama asilimia 60 ya waliochungulia wakakana. Kwa waliodanganywa, karibu asilimia 80 walichungulia, na karibu asilimia 90 wakakana. Kwa wadogo wa chekechea tofauti haikuonekana. Yaani mtoto akishafika umri wa kujua kwamba umemdanganya, amejifunza pia kwamba kumbe nyumba hii inaruhusu.

Huko Singapore, Peipei Setoh na wenzake waliwahoji vijana 379. Waliosema wazazi wao waliwadanganya sana utotoni ili watii, walisema pia kwamba wao wenyewe wanawadanganya wazazi zaidi ukubwani. Tuwe waangalifu: hii inaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, haithibitishi kwamba moja limesababisha lingine.

Na hapa sasa ndipo tunapoingia sisi. Father Krismasi wa zawadi hatuna sana, ila wa fimbo tunao wengi mno. "Ukilia zimwi litakuja." "Usipokula namwita polisi." "Nyamaza, daktari atakuchoma sindano." "Haya baki, mimi naondoka." Hiyo ya mwisho siyo yetu peke yetu. Gail Heyman, Kang Lee na wenzao waliikuta Marekani na China pia. Lakini fikiria gharama ya ile ya daktari. Umemfundisha mtoto kumwogopa mtu ambaye kesho utampeleka kwake akiwa na homa. Ya polisi je? Siku amepotea sokoni, mtu mwenye sare ndiye tunayetaka amkimbilie, si amkimbie. Halafu kuna ile ya "mdogo wako tumemnunua hospitali." Siku mtoto ana jambo kuhusu mwili wake na anahitaji kuuliza mtu mkweli, atakuja kwako kweli?

Kwa hiyo ufanye nini?

Sayansi haisemi hadithi ni haramu. Watoto wanafurahia kuigiza hata wakijua kabisa ni maigizo. Muulize anayepika ugali wa mchanga kama anapanga kuula. Ila kutokana na haya yote, mimi ningeshika mambo manne.

Kwanza, sikiliza aina ya swali. "Anaishi wapi" unaweza kulijibu kihadithi. "Anawezaje" mrudishie: "Wewe unaonaje? Kwa nini unafikiri hivyo?" Mpe nafasi afike mwenyewe, maana wanaofika wenyewe, taratibu, ndio wanaoumia kidogo.

Pili, usiongeze ushahidi ili kuua mashaka. Mtoto akianza kutilia shaka, usikimbilie kutengeneza nyayo za bandia au kumpigia "Father Krismasi" simu. Ule ubongo unaotilia shaka ndio utakaomsaidia siku atakapotumiwa ujumbe wa "tuma hela kwenye namba hii."

Tatu, akikuuliza kwa dhati, akakutazama machoni, mwambie ukweli. Mweleze kwamba ni mchezo ambao watu wazima huucheza ili watoto wafurahi, na sasa yeye amekua, anaweza kuwa upande wa wanaoandaa. Kama ana mdogo wake, mpe kazi ya kuficha zawadi. Kama familia yenu haina kabisa desturi hii, kwa dini au kwa uamuzi wenu, mwambie tangu mwanzo kwamba ni mchezo wa familia nyingine, na si kazi yake kwenda kuwaharibia wenzake.

Nne, usiigeuze hadithi kuwa fimbo. Kama sababu ya kutopiga kelele ni kwamba bibi anaumwa, sema bibi anaumwa. Itachukua dakika mbili zaidi kuliko kumwita zimwi. Lakini zimwi litaisha nguvu mtoto akifika darasa la pili, na baada ya hapo utabaki na neno lako tu. Hilo ndilo la kulilinda.